Masomo Gani Yampatia Mtu Kazi?

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda, watu hujaa Feri wakivuka kutoka Likoni kuingia kisiwani Mombasa. Yakadiriwa kuwa zaidi ya watu 300,000 huvuka mlango wa Kilindini kwa siku moja, na waendao kwa miguu hawatozwi nauli. Huvuka makarani wenye mikoba, wanawake wenye vikapu vya mihogo na maembe kutoka upande wa Kwale, makuli wa bandarini, waalimu, mafundi wenye masanduku ya zana, na vijana wenye bahasha za vyeti mikononi. Makala haya yawahusu hao wa mwisho, pamoja na wazazi wao waliobaki nyumbani wakiwaombea heri.

Na tuwachukue watu wawili katika umati huo, wawe mfano. Mmoja ni kijana wa miaka 22 aliyemaliza kidato cha nne. Mfukoni ana fedha za karo ambazo mamaye amezipata kwa kuuza ng'ombe mmoja na nazi za msimu mzima. Wa pili ni mjombake, fundi wa mashine aliyefanya kazi bandarini kwa miaka mingi. Wamekutana wakingoja feri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Waenda wapi mapema hivi?"

"Naenda kulipa karo, mjomba. Nimepata nafasi chuoni ya kusomea usimamizi wa biashara."

"Mungu akujalie. Na ukiisha kusoma, ni nani atakayekuajiri?"

Kijana alifikiri kidogo. "Ofisi hazikosekani mjini."

"Umekwisha kwenda kuuliza katika ofisi ngapi?"

"Hata moja, mjomba."

Watu wengi wako katika hali ya kijana huyu. Hudhani kwamba kazi ya mzazi ni kutafuta karo, kazi ya mwanafunzi ni kusoma, na kwamba baada ya hayo kazi itakuja yenyewe. Hawaulizi mapema kama somo lililochaguliwa lahitajiwa na mtu ye yote. Kumbe jambo hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2016 wataalamu watatu, Kirkebøen, Leuven na Mogstad, walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa Norway. Katika nchi hiyo nafasi za vyuo vikuu hugawanywa kwa alama, kwa hiyo waliweza kulinganisha wanafunzi waliopata somo walilolitaka kwa alama chache tu na wengine waliolikosa kwa alama chache tu. Kwa kuwa watu hao wawili walikuwa karibu sawa kwa akili, tofauti ya mapato yao ya baadaye ilitokana zaidi na somo lenyewe. Wataalamu hao waliona kwamba masomo mbalimbali huleta mapato yaliyoachana sana, na kwamba somo alilosoma mtu lilikuwa na nguvu kuliko sifa ya chuo alichosomea. Waliona pia kwamba watu wengi huchagua somo linalolingana na kipawa chao. Maana yake ni kwamba haifai kumsukuma kila kijana katika somo moja ati kwa sababu jirani amelipata utajiri kwa hilo.

Norway iko mbali, lakini hapa Mombasa penyewe habari hii ni ya zamani. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa kaskazini, Wamisionari wa C.M.S. walianzisha mji wa Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa. Baadhi ya wakazi wake walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik katika Bara Hindi, na huko walikuwa wamejifunza kusoma, kuandika na kazi za mikono. Watu hao walipata kazi za ualimu, useremala na ukarani wakati ambapo watu wenye ujuzi wa namna hiyo walikuwa wachache sana pwani. Kengele yao ingalipo, na mahali pale huitwa Kengeleni hata leo.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwezi wa Desemba 1901 reli ilifika kwenye ziwa la Victoria. Wenye kuijenga walileta watu zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo waashi, wahunzi, maseremala na makarani. Yafaa msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Watu wenye nguvu hawakukosekana pwani, lakini ujuzi wa kazi hiyo mpya haukuwa umefundishwa hapa. Kazi ilipokuja ghafula, waliopata mishahara mikubwa zaidi ni wale ambao mafunzo yao yalikuwa yametangulia. Ndivyo ilivyokuwa tena Kilindini. Magati ya kwanza ya maji marefu yalipofunguliwa mwaka 1926, bandari ilihitaji makuli maelfu kwa maelfu, wengi wao vibarua wa kutwa, na pia mafundi wachache wa winchi, mashine na umeme. Vibarua hao waliishi kwa mashaka, wakafanya migomo mikubwa, hasa ule wa Januari 1947 na ule wa mwaka 1955. Zilipokuja kontena na kreni kubwa, mzigo uliokuwa ukibebwa na mabega ya watu wengi ukainuliwa na mtu mmoja aketiye juu katika kreni. Mtu huyo sharti awe amefundishwa.

Haja ya mafunzo ya ufundi ilionekana mapema. Huko Tudor, kisiwani, ilijengwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwezi wa Mei 1951 ili wajifunze ufundi. Mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 ikaitwa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wengi waliopita katika milango yake walikwenda kufanya kazi bandarini, katika reli, katika viwanda na katika umeme.

Lakini hapa yazuka swali. Ikiwa ufundi ulihitajiwa hivyo, kwa nini vijana wengi tangu zamani wamependa ukarani? Watu wazima wamezoea kujibu kwamba vijana ni wavivu na wanaogopa kuchafua nguo. Mwaka 1965 mtaalamu wa elimu Philip Foster, baada ya kuchunguza wanafunzi wa Ghana, aliandika kwamba lawama hiyo haina haki. Vijana walipenda masomo ya darasani kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba karani hulipwa zaidi, hupandishwa cheo na hupata pensheni, na fundi hapati hayo. Walikuwa wakipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Foster akasema kwamba kujenga shule nyingi za ufundi hakutabadilisha nia za vijana ikiwa mishahara ya mafundi yabaki vile vile.

Kijana wa Feri hajapata kusikia jina la Foster, walakini hoja yake ni ile ile.

"Mjomba, niwie radhi," alisema feri ilipokaribia. "Wewe ni fundi, na kila mtu bandarini akuheshimu. Lakini tangu nikiwa mdogo nakuona warudi jioni na mafuta mikononi. Karani wenu huketi kivulini, naye ana nyumba ya mawe."

Mjomba hakukasirika. "Wasema kweli. Mkubwa wetu wa ofisini anipita kwa mshahara. Lakini makarani walioanza kazi pamoja naye, wengine hawapo tena. Kazi yao sasa yafanywa na kompyuta. Sikukatazi ofisi, mwanangu. Nakuuliza tu kama umeuliza."

Serikali na makanisa wamejaribu njia nyingi kulitengeneza jambo hili. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa taarifa iliyouliza watoto watafanya nini wakiisha kutoka shuleni, na kutokana na taarifa hiyo vikaanzishwa vyuo vidogo vya ufundi vijijini. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi la Dunia ulikuja Kenya ukaona kwamba maelfu ya watu hujipatia riziki katika karakana ndogo ndogo zisizoandikishwa, ambazo leo sote twaziita jua kali. Mwezi wa Januari 1985 ulianza mpango wa elimu wa 8-4-4, uliotia useremala, kilimo, ushonaji na kazi nyingine za mikono katika masomo ya shule. Nia ilikuwa njema, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana, wazazi walilemewa na gharama, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Mtaala mpya, ulioanza kufundishwa nchini kote mwaka 2019, wampa mwanafunzi wa sekondari ya juu njia tatu za kuchagua: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kwa hiyo swali ambalo zamani lilimngoja kijana wa miaka ishirini sasa lamkuta akiwa mtoto wa miaka kumi na mitano hivi, na mzazi hana budi kulijua mapema.

Watafiti wamejaribu pia kujua ni nini humsaidia mtu achague vizuri. Magharibi ya Kenya, kuanzia mwaka 2008, vijana zaidi ya 2,000 waliandikishwa katika mpango wa mafunzo ya ufundi, na baadhi yao walipewa hati za kulipiwa karo. Kundi moja, lililochaguliwa kwa kura, lilielezwa waziwazi mapato ya watu waliosomea kazi mbalimbali. Lilielezwa kwamba kazi zilizozoewa kuwa za wanaume, kama umakanika, huleta mapato zaidi kuliko ushonaji na ususi unaochaguliwa na wasichana wengi. Wasichana waliosikia maelezo hayo walielekea zaidi kuchagua kazi zile zenye mapato makubwa, hasa wale wenye umri mdogo na wenye elimu zaidi. Hakuna aliyewalazimisha. Walipewa habari tu, habari ambayo mtu angeweza kuwapa bila gharama kubwa. Basi wazazi wenye mabinti wasikimbilie kuwanunulia cherehani kabla ya kuwauliza wanapenda nini na kuwaeleza kila kazi yalipa nini.

Huko Uganda ulifanywa utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020. Vijana wa kundi moja walipelekwa katika vyuo vya ufundi kwa miezi sita. Wa kundi la pili walipelekwa moja kwa moja katika karakana wajifunze kazini kwa miezi sita. Kazi zenyewe zilikuwa kama uchomeaji vyuma, umeme, mabomba, ujenzi, ususi na upishi. Mwanzoni wale wa karakana walipata kazi upesi zaidi, na makundi yote mawili yalifaidika. Lakini miaka ilipopita, wale wa vyuoni walizidi. Sababu yake ni cheti. Aliyejifunza kwa fundi mmoja hujulikana na fundi huyo tu. Akifukuzwa au karakana ikifungwa, huanza upya. Mwenye cheti huonyesha ujuzi wake kwa mwajiri mwingine, naye hupata kazi nyingine mapema.

Jambo hili ni la maana sana kwa watu wa Mombasa. Katika mitaa ya Mji wa Kale na karakana za Majengo wako mafundi waliojifunza kwa baba na ami zao. Mikono yao ni hodari, lakini hawana hata karatasi moja. Hao si lazima warudi darasani kwa miaka. Yako majaribio ya serikali ya mafundi, yenye daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo husimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwanda, na mtu aijuaye kazi aweza kuomba ajaribiwe. Mtu mzima mwenye ujuzi wa miaka kumi na asiye na cheti ndiye aliye karibu zaidi na faida, kwa kuwa sehemu ngumu amekwisha kuifanya.

Hata hivyo cheti peke yake hakitoshi, na mfano wake waonekana papo hapo majini. Vijana wengi wa pwani husomea ubaharia. Mwaka 2010 Kenya ilitiwa katika orodha ya nchi ambazo vyeti vyake vya ubaharia vyakubaliwa na Shirika la Bahari la Dunia, na tumaini likawa kubwa. Lakini kwa mapatano ya mwaka 1978 juu ya mafunzo ya mabaharia, anayetaka kuwa afisa wa meli sharti pia atumikie baharini, kwa kawaida si chini ya miezi 12 pamoja na mafunzo yaliyokubaliwa. Meli za Kenya ni chache, na nafasi za kujifunzia katika meli za kigeni hugombaniwa na vijana wa nchi nyingi. Kwa hiyo wako waliomaliza darasa na kukwama ufukoni. Kosa si la somo wala la kijana. Ni kwamba kabla ya kulipa karo hakuna aliyemwambia kwamba darasa ni nusu ya safari, na kwamba nusu ya pili yahitaji meli.

Iko hatari nyingine pia, nayo ni ya somo lenye mwajiri mmoja. Mwalimu wa shule za serikali huajiriwa na Tume ya Waalimu. Tume ikikosa fedha, waliohitimu hungoja miaka. Kadhalika uwakala wa forodha na mizigo ulikuwa kazi kubwa mjini Mombasa. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 na mizigo ya Nairobi ikaamriwa kusafirishwa kwa reli, mawakala wengi na wenye malori walipoteza kazi, na mwaka 2019 watu waliandamana mjini. Amri hiyo iliondolewa mwezi wa Septemba 2022, lakini aliyefunga ofisi yake katika miaka ile hakurudishiwa miaka yake. Ujuzi unaotakiwa na waajiri wengi, au ambao mtu aweza kujiajiri nao, humlinda mwenyewe zaidi mambo yanapogeuka.

Kwa hayo yote, kabla ya kulipa karo kila mzazi na kila mwanafunzi na aulize maswali manne. Kwanza, ni nani aajiriye watu waliosomea jambo hili, na wako wangapi katika mji huu? Pili, chuo kimeandikishwa na mamlaka ya mafunzo ya ufundi au ya vyuo vikuu, na cheti chake chatambuliwa na waajiri hao? Tatu, ni nani atakayempa mwanafunzi mahali pa kujizoeza, na je, chuo humtafutia au humwacha ajitafutie? Nne, akikosa mwajiri, aweza kujipatia chakula kwa ujuzi huo peke yake? Majibu ya maswali haya hayapatikani katika matangazo ya vyuo. Hupatikana kwa kuwaendea watu waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita na kuwauliza wako wapi leo.

Feri iligusa nchi kavu, mlango ukashushwa, na watu wakaanza kupanda mlima kuelekea mjini.

"Siku ya mwisho ya karo ni lini?" mjomba aliuliza.

"Ijumaa, mjomba."

"Leo ni Jumanne. Basi una siku tatu. Nenda katika ofisi tano, uulize kama huwachukua watu wenye cheti chako hicho na huwalipa nini. Kisha njoo langoni kwetu saa ya chakula, nikukutanishe na vijana wa kreni na wa umeme, uwaulize vile vile. Ukiona ofisi ni bora, nitakuongezea nauli mimi mwenyewe."

"Na nisipopata jibu?"

"Kutopata jibu nalo ni jibu, mwanangu. Ng'ombe wa dada yangu alikuwa mmoja tu."

Kijana akaagana naye. Alipofika penye kituo cha matatu hakuipanda ile iendayo chuoni. Akakunja barabara ya Kilindini kwa miguu, akitazama vibao vya ofisi upande wa kulia na wa kushoto, na mkono wake mmoja ukiwa bado umeshika mfuko wenye fedha za mamaye.